Nguo Inapokataa Kwenda



Mwezi huu nataka tulitafakari swali moja ambalo kila mwalimu wa kanisa, kila mzazi na kila mzee wa usharika hukutana nalo, ajapokuwa halitamki kwa kinywa. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliye mikononi mwetu akikwama njiani, je, yatupasa kumvuta kwa nguvu zaidi, au yatupasa kutafuta kinachomzuia? Wengi watajibu upesi, wakisema, "Hutegemea mtu mwenyewe." Jibu hilo si baya, lakini halitusaidii sana, maana saa ya kuamua ikifika mkono huvuta kabla ya jicho kutazama. Mimi neno hili nilifundishwa na cherehani, katika baraza moja ya Kariakoo, nami nitawasimulia kama nilivyoliona.

Wanaoijua Dar es Salaam wanaujua Mtaa wa Uhuru, ambao zamani uliitwa Kichwele. Huko maduka ya kanga na vitenge yamepangana bega kwa bega, na katika baraza na vichochoro vya jirani mafundi wameketi na cherehani zao tangu asubuhi hata jioni. Fundi akiisha kukata magauni na mashati, chini ya miguu yake hubaki vipande vya kila rangi, vingine vidogo kama kiganja. Watu wengi huvitupa. Lakini wapo akina mama wa sharika zetu wanaoviomba na kuvikusanya, kisha huviunga kimoja kwa kimoja hata vikawa nguo moja pana. Chini yake hutandika nguo nyingine, katikati hutia tabaka ya pamba, nao huzishona tabaka zote tatu pamoja, ili pamba isikusanyike upande mmoja. Nguo ya namna hii wazee waliiita mfarishi. Hapa kwetu kwenye joto mfarishi hutandikwa chini ya mtoto mchanga. Lakini ndugu zetu wa Makete na Njombe, wanaopatwa na baridi kali miezi ya Juni na Julai, hujifunika.

Basi, kushona mfarishi si kama kushona gauni. Katika ushonaji wa kila siku, chini ya sindano yapo meno madogo ya chuma, yapandayo na kushuka. Meno hayo huikamata nguo kwa chini na kuisogeza hatua kwa hatua, na mguu wa cherehani huikandamiza kwa juu ili isiteleze. Kazi ya mshonaji ni kuielekeza tu. Lakini akitaka kupitisha mawimbi, maua na mizunguko juu ya mfarishi, kama mafundi wa darizi wanavyofanya juu ya kanzu, meno hayo hayamfai, maana njia yao ni moja tu, iliyonyoka. Kwa hiyo huyashusha. Na cherehani isiyo na kitufe cha kuyashushia, huyafunika kwa bamba dogo. Tangu hapo nguo ni huru. Yaweza kwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, na mikono ya mshonaji peke yake ndiyo inayoiongoza.

Asiyejua hudhani ya kuwa nguo ikiisha kuachwa huru itateleza yenyewe. Sivyo hata kidogo, na hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa na cherehani ndogo ya nyumbani, ya kuwekwa juu ya meza. Ilikuwa ikimkatia uzi na kumvunjia sindano, akaona imeharibika. Tukaibeba mpaka kwa fundi mmoja mzee, pamoja na mfarishi wenyewe, ili aone kwa macho yake. Fundi akamwambia aketi ashone kama ashonavyo nyumbani. Mama akaanza. Nguo ilikwenda kidogo ikagoma, akavuta, ikaruka, ikagoma tena. Mishono ikawa mirefu hapa, mifupi pale, kama nyayo za mtu mlevi. Mwisho akavuta kwa nguvu, sindano ikapinda, ikapiga lile bamba la chuma badala ya tundu lake, ikakatika.

Mama akasema kwa uchungu, "Unaona, fundi? Nguo hii ni kaidi. Navuta, haitaki kwenda."

Fundi akajibu taratibu, "Mama, nguo haina ukaidi, na cherehani yako ni nzima. Hebu angalia chini ya meza."

Tukaangalia. Zaidi ya nusu ya mfarishi ilikuwa imening'inia ukingoni, nzito, ikigusa sakafu. Kila mama alipoisogeza nguo mbele kidogo, uzito ule uliivuta nyuma. Alikuwa akishindana na mzigo ambao haukuwa chini ya sindano kabisa. Fundi akasogeza meza nyingine kushoto, na kiti chenye mto mbele, akaipandisha nguo yote juu, akaikusanya bila kuibana kuizunguka cherehani, ili pasiwe na upande unaovuta mwingine.

Kisha akapitisha kiganja juu ya kitako cha cherehani na juu ya meza. Ulikuwa wakati wa masika, hewa imejaa unyevu wa bahari, na kila kitu kilikuwa kikinata. Akafuta kwa kitambaa kikavu, akatandika karatasi laini ya plastiki aliyoikata tundu mahali pa sindano, akaibandika pembe zake. Akamwonya mama kwamba siku nyingine nguo ya chini itiwe wanga na kupigwa pasi kabla ya kushonwa, maana nguo iliyokazika huteleza kuliko iliyolegea. Tena akaona kwamba mguu wa cherehani ulikuwa bado ule wa kushonea gauni, unaokandamiza wakati wote. Akautoa, akaweka mguu mdogo wa kudarizia wenye springi, ambao huigusa nguo pale tu sindano inaposhuka, kisha huiachilia.

Mwisho akatazama mikono ya mama. Ilikuwa na jasho, na kwa kuwa iliteleza, mama alikuwa akiilaza kwa nguvu zake zote juu ya nguo. Kwa hiyo mikono iliyotaka kuisogeza ndiyo iliyoigandisha mezani. Fundi akachukua glavu kuukuu ya mpira ya kuoshea vyombo, akaikata ncha za vidole, akamvika mama katika vidole vyake. Akasema, "Sasa utashika bila kukandamiza. Anzia katikati, uende nje. Mkono na sindano viende mwendo mmoja. Mkono usikimbie, wala usilale."

Akaweka sindano mpya, kali. Mama akashona, na nguo ikaenda kama dau juu ya maji yaliyotulia. Nami nikaona jambo moja lililonishangaza: katika yote aliyoyafanya, fundi yule hakuivuta nguo hata mara moja.

Wapendwa, labda ningeyasahau hayo kama si kikao kimoja cha wazee kilichofuata baada ya majuma machache. Tangu kanisa la Azania Front lilipomalizika kujengwa pale ufukoni mwaka 1902, vizazi vingi vya vijana vimefundishwa Katekisimo katika mji huu, na kila kizazi kina vijana wake wanaokwama. Katika usharika wetu alikuwapo kijana wa kipaimara aliyekosa vipindi vingi vya Jumamosi. Alipokuja alichelewa, akaketi nyuma, na akitakiwa kusoma alinyamaza kimya. Mwalimu alikuwa amemwonya mara tatu. Neno lililoletwa mbele yetu lilikuwa fupi: afutwe katika orodha. Nakiri mbele yenu kwamba mimi nilikuwa wa kwanza kukubali. Nilisema, "Amekataa." Neno hilo lilinitoka kwa wepesi, nikaliona kuwa ni la haki.

Lakini yule mama wa mfarishi alikuwamo katika kikao. Akauliza kwa sauti ya chini, "Wazee wangu, je, tumeangalia chini ya meza?" Wengine hawakumwelewa. Mimi nilimwelewa, nikaona haya, maana kati yetu sote hapakuwa na mtu aliyejua kijana yule alala wapi, wala ala nini.

Tukatumwa wawili kumtafuta. Tukamkuta alfajiri Mtaa wa Kongo, akisukuma mkokoteni uliojaa marobota ya nguo. "Shikamooni, wazee," akasema, akafuta jasho. "Marahaba, mwanangu." Tukamwuliza habari zake. Akatujibu, "Si kwamba sitaki, baba. Jumamosi ndiyo siku ya mizigo. Nikiiacha, bibi yangu hali mpaka Jumatatu." Nasi tulipozidi kuongea naye, likatoka na la pili: alikuwa ameacha shule mapema, akisoma kwa shida, na kule darasani kila aliyekosea kusoma alichekwa. Kwa hiyo alichagua kuitwa mkaidi kuliko kuitwa mjinga.

Tazameni, ndugu zangu. Sisi tulikuwa tukivuta kwa maonyo, na kila tulipovuta mzigo ulimrudisha nyuma. Wala hatukuwa mbali na siku ya kumvunja kabisa, kama sindano ile ilivyovunjika, kisha tuseme ya kwamba alikuwa mbovu tangu mwanzo.

Kijana huyo tulimpata mahali ambapo jina lenyewe hutukumbusha jambo hili. Katika Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliuteka mji huu mwaka 1916, na uwanja huu ukawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, walioitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Wengi wa wapagazi hao hawakwenda kwa hiari yao. Walikamatwa vijijini wakatwikwa mizigo ya vita isiyokuwa yao, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Nguvu yaweza kusogeza miili ya watu kutoka hapa hata kule. Haiwezi kumfanya mtu apende anakopelekwa. Na Kanisa halikutumwa kusogeza miili.

Labda mwingine atanipinga, akisema, "Mzee, hayo ni malegevu. Ukiwalainishia watu kila kitu, utapata Wakristo wa kuteleza tu, wasioweza kushikwa na neno lolote." Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake, nami silidharau. Nguo inayoteleza pasipo mkono wa kuishika huenda ovyo, na mshono wake ni fujo. Ndiyo maana fundi alimvika mama mpira vidoleni, ashike barabara. Tena kumbukeni: alilainisha meza, hakuilainisha sindano. Sindano aliitafuta iliyo kali kuliko ya kwanza. Vivyo hivyo Amri za Mungu haziwi butu kwa sababu mwanafunzi ana shida. Kijana yule hakusamehewa Katekisimo. Alisamehewa kicheko cha wenzake, na saa isiyowezekana.

Hapo twaweza kumtazama Martin Luther mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1528 alizitembelea sharika za Saksonia pamoja na wakaguzi wengine, akaona kwamba watu wa vijijini hawakujua hata mambo ya kwanza ya imani, na wachungaji wengi hawakuweza kuwafundisha. Katika dibaji ya Katekisimo Ndogo, aliyoitoa mwaka 1529, hasira yake kubwa iliwaangukia maaskofu walioacha kuwatunza, wala si wakulima. Naye hakuishia kukaripia. Aliandika kitabu kifupi, kwa maneno mepesi, akawataka walimu washike maneno yale yale mwaka hata mwaka ili vijana wasichanganyikiwe. Huko ndiko kulainisha meza! Lakini dibaji hiyo hiyo ina ukali: yeye asiyetaka kabisa kujifunza asikaribishwe mezani pa Bwana, na papo hapo yasema kwamba haiwezekani, wala haifai, mtu kulazimishwa kuamini. Mambo hayo mawili yamekaa pamoja katika kurasa chache, na kila mwalimu wa kwetu angefanya vema kuzisoma tena.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu atasema, "Taabu hufundisha. Ukimwondolea mtu mzigo, unamwibia uvumilivu wake." Neno hili lilinisumbua siku nyingi, mpaka nilipoukumbuka ule mfarishi. Mfarishi una uzito wa namna mbili. Uko uzito wa tabaka tatu zilizo chini ya sindano: nguo ya juu, pamba, na nguo ya chini. Huo fundi hakuuondoa, wala asingeweza, maana bila huo hakuna mfarishi. Sindano lazima ipenye zote tatu. Na uko uzito unaoning'inia ukingoni. Huo hauingii katika mshono hata mmoja. Wavuta tu.

Basi, mbele ya kila taabu inayomkabili mtu wetu, na tuulize swali hili moja: Je, uzito huu unaingia katika mshono, au unaning'inia tu? Kukariri Imani usiku ukiwa umechoka, kuacha marafiki wabaya, kuomba radhi kwa uliyemkosea: hayo huingia katika mshono, na anayemwondolea mtu hayo amemwibia kweli. Lakini kuaibishwa kwa kutokujua kusoma, kulazimishwa kuchagua kati ya darasa na mlo wa bibi, kuchangishwa fedha asizo nazo hata akaona haya kuingia kanisani: taabu hizo hazijengi mtu. Kwa neema yake Mungu aweza kuzitumia hata hizo, lakini hiyo si ruhusa kwetu kuzitundika.

Iko na hatari ya tatu, iliyo ya siri kuliko zote, nayo ni ile mikono ya mama. Alipoona inateleza, alizidisha kukandamiza. Kadiri alivyotaka nguo iende, ndivyo alivyoizuia. Mara ngapi bidii yetu wenyewe imekuwa ndiyo kizuizi! Mzazi anamwombea mtoto kwa machozi, lakini kila anapokaa naye ni lawama, hata mtoto anaogopa kuingia nyumbani. Mwalimu anapenda wanafunzi wake waelewe, naye hawapi nafasi ya kuuliza. Upendo upo, tena ni wa kweli. Lakini umelala juu ya mtu kwa uzito wote. Kushika ni kazi yetu. Kukandamiza si kushika.

Mtauliza kijana wetu aliishia wapi. Darasa lilihamishwa, likawa Jumapili alasiri. Mwalimu aliacha kuwasomesha kwa sauti mmoja mmoja. Wote wakawa wanakariri pamoja, kisha wanaeleza kwa maneno yao. Kijana alikuja. Hakuwa hodari kwa siku moja. Alichelewa kwa mwaka mzima nyuma ya wenzake, na nyakati nyingine alikuja amechoka akasinzia. Lakini alibarikiwa kipaimara, akaieleza Amri ya Nne kuliko wote, maana alikuwa akiitenda kila Jumamosi kwa mkokoteni wake. Wala sitawaficha ya pili: alikuwapo mwingine ambaye pia tulimfuata, tukamwondolea kila tulichokiona, asije. Tulimwacha kwa huzuni, tukiendelea kumsalimu njiani. Meno yakishushwa nguo ni huru kweli, na huru aweza kwenda upande usiotaka. Hata hivyo tofauti ipo. Kwa huyu wa pili tulisema "amekataa" tukiwa tumeangalia chini ya meza. Kwa yule wa kwanza tungalisema hivyo, nasi tungalikuwa tumemshuhudia jirani yetu uongo.

Basi, wapendwa walimu na wazee, sisemi msionye kamwe. Nasema utaratibu ugeuzwe: jicho litangulie, mkono ufuate. Kabla ya kuandika jina la mtu katika orodha ya wakaidi, nendeni mmwone anapolala na anapofanya kazi. Ulizeni ni uzito gani unaoning'inia nyuma yake, ni kitu gani mezani kwenu kinachonata, na kama mikono yenu yamshika au yamkandamiza. Ondoeni kilicho juu yenu kukiondoa. Kisha wekeni sindano iliyo kali, Neno la Mungu lisilopunguzwa, na mshone taratibu, mkianzia katikati.

Mfarishi ule ulimalizika kabla ya baridi, ukapelekwa Makete. Katika pembe moja yake, ukiutazama karibu, mishono ile mibaya ya kwanza ingalipo. Mama hakuifumua. Anasema imwonyeshe mahali alipokuwa akivuta.